Sauti ya mji kasoro bahari

Bibi aliifungua khanga taratibu, kama mtu anayemfunua mtoto aliyelala. Ndani mlikuwa na santuri tano, nyeusi, nzito, mbili zimemeguka ukingoni. Tulikuwa barazani kwake Kaole, mwendo mfupi kutoka kwenye magofu. Akachagua moja, akaipangusa vumbi kwa upindo wa khanga, akanipa. Karatasi ya katikati ilikuwa imefubaa na kuliwa na mende, lakini maneno mawili yalisomeka bila taabu. Juu, Mzuri. Chini, Salum.

"Gramafoni iliuzwa zamani, mwanangu," akasema. "Hizi nilikataa."

Nimefika Kaole mara nyingi kutazama magofu ya misikiti na makaburi ya mawe, ya zamani zaidi yakiwa ya karne ya 13. Sikutegemea kwamba siku moja nitaondoka na habari za mwanamuziki wa Morogoro. Ila ukiifikiria historia ya pwani hii, haishangazi sana. Bandari ya Kaole ilizibwa na mchanga na mikoko, biashara ikahamia Bagamoyo. Mwaka 1891 Wajerumani wakahamisha makao yao makuu kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam, na reli ilipojengwa ikaanzia huko huko Dar, ikafika Morogoro mwaka 1907. Njia ya miguu iliyotoka Bagamoyo kwenda bara, iliyokanyagwa na wapagazi kwa miaka mingi, ikapoa. Kuanzia hapo kila kilichoshuka melini kikapandishwa garimoshi: vitambaa, baiskeli, cherehani, na baadaye santuri.

Morogoro wenyewe wanaiita mji kasoro bahari. Milima ya Uluguru ipo, maji yapo, matunda yapo, umekosekana ufuo tu. Katika mji huo alizaliwa Salum Abdallah, yule Salum wa kwenye santuri, mwaka 1928.

Mwaka huo una jambo jingine. Ndio mwaka ambao Siti binti Saad na wenzake walipanda meli Unguja kwenda Bombay, wakaimba mbele ya mitambo ya His Master's Voice, na sauti ya Kiswahili ya pwani yetu ikaanza kuuzwa dukani. Taarabu ilitangulia, dansi likafuata. Kumbuka hesabu yake: ili mwimbaji wa Unguja arekodiwe, ilibidi avuke bahari nzima ya Hindi. Mtoto aliyezaliwa Morogoro mwaka huo huo angekuja kurekodi nyimbo zake bila kutoka Afrika Mashariki, na hilo lilitokea ndani ya umri wa mtu mmoja.

Salum alipokuwa kijana, muziki uliokuwa ukipigwa kwenye magramafoni ya mijini ulitoka Kuba. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya His Master's Voice ilitoa mfululizo wa santuri kwa ajili ya soko la Afrika, zikijulikana kwa herufi zilizotangulia namba zake: GV. Humo walikuwemo Trio Matamoros, walikuwemo Sexteto Habanero, na ulikuwemo wimbo wa muuza karanga, "El Manisero". Vijana wa Léopoldville walizisikiliza, wa Dar es Salaam pia, na wa Morogoro. Hakuna aliyejua Kihispania. Walichokijua ni vile vijiti viwili vya klave vinavyogongwa, manyanga, ngoma za mkono, na mwimbaji anayetoa ubeti huku wenzake wakimpokea. Sehemu kubwa ya muziki huo ilikuwa imevuka bahari na watumwa kutoka Afrika karne kadhaa nyuma. Kwa hiyo uliporudi ukiwa ndani ya santuri, watu hawakuhitaji kufundishwa kuucheza.

Mwaka 1948 Salum alianzisha bendi na kuiita La Paloma, yaani njiwa, jina la wimbo wa Kihispania uliokuwa umezunguka dunia nzima. Mwaka 1952 bendi hiyo ikawa Cuban Marimba. Morogoro tayari ilikuwa na Morogoro Jazz, iliyoanza mwaka 1944, na mji ule mdogo ukawa na bendi mbili kubwa zinazotazamana. Kwa mpenzi wa dansi huo ulikuwa utajiri. Mtu alichagua upande wake kama anavyochagua timu ya mpira.

Wapo wanaosema kwamba bendi za wakati ule ziliiga tu Kuba. Nimelisikia hilo mara nyingi na sikubaliani nalo hata kidogo. Sikiliza Salum anavyoimba. Kiswahili kina tabia moja: mkazo wa neno hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na neno huishia kwenye irabu. Ndiyo maana kinaweza kulalia kwenye mapigo yale bila kusukumwa. Yeye aliligundua hilo kwa sikio. Hakuweka maneno ya Kiswahili mahali pa Kihispania kama mtu anayejaza fomu. Alitunga beti zinazojitegemea, zenye vina, zenye shemeji na mapenzi na masengenyo ya mtaani. Anaimba polepole, kwa sauti nyororo isiyogombana na vyombo, na kila neno linasikika. Mtu wa Kigoma, wa Mombasa, wa Kaole, wote walielewa anachosema. Hapo ndipo tofauti yake na santuri za GV ilipo, na hapo ndipo nguvu yake ilipo.

Kurekodi kulikuwa kazi ngumu kuliko kupiga ukumbini. Ukumbini wimbo mmoja ungeweza kuendelea mpaka wachezaji waombe maji. Upande mmoja wa santuri ya mizunguko 78 ulibeba takriban dakika tatu, basi. Bendi ilikaa kuizunguka maikrofoni: mwimbaji karibu, saksafoni nyuma kidogo, ngoma mbali zaidi zisije zikameza wengine. Hakukuwa na kurekebisha baadaye. Mmoja akikosea, mnaanza upya wote. Kwa hiyo mtunzi alilazimika kujua ni ubeti upi unabaki na upi unakatwa, gitaa lipewe nafasi wapi, na kiitikio kirudiwe mara ngapi kabla nafasi haijaisha. Nyimbo za Salum zilizohifadhiwa hazina neno la ziada. Naamini zile dakika tatu zilimfanya awe mshairi bora.

Tanganyika haikuwa na kiwanda cha santuri. Kiwanda cha Afrika Mashariki kilikuwa Nairobi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950, na wafanyabiashara wa lebo wengi wao walikuwa Wahindi wa Nairobi na Mombasa. Mzuri, lile neno lililosomeka kwenye santuri ya bibi, ilikuwa lebo ya akina Assanand wa Mombasa, na kwa lebo hiyo Cuban Marimba ilijulikana pwani yote. Mji kasoro bahari ukawa unasikika bandarini.

"Ulizipata wapi, bibi?" nikauliza.

"Marehemu alizinunua Mombasa alipokuwa akisafiri na jahazi. Alikuwa akirudi na vitu viwili: halua ya watoto na santuri yangu."

Upande wa pili, redio nayo ilikuwa inakua. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, ikabadilika kuwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956. Asiye na gramafoni akapata dansi kwa jirani mwenye redio. Kwa namna hiyo mwimbaji aliweza kuwa maarufu katika kijiji ambacho hajawahi kukikanyaga.

Miongoni mwa nyimbo za Salum zilizobaki kuna mmoja unaoitwa "Wanawake Tanzania". Jina hilo linanigusa kila nikilisoma. Muungano ulifanyika Aprili 1964, na jina la Tanzania likatangazwa Oktoba mwaka huo. Salum alifariki kwa ajali ya gari Novemba 1965. Maana yake, mtu huyu aliishi ndani ya nchi iitwayo Tanzania kwa mwaka mmoja na wiki chache tu, na katika muda huo mfupi akaliweka jina jipya la nchi kwenye wimbo, tena akalifunga na wanawake wake. Alikuwa na umri wa miaka 37.

Kumi hivi tu ndiyo miaka aliyokuwa anarekodi kwa wingi, kuanzia katikati ya miaka ya 1950 mpaka ajali ile. Juma Kilaza akaichukua Cuban Marimba akaiendeleza. Upande wa pili wa mji, kijana Mbaraka Mwinshehe aliingia Morogoro Jazz na kuibeba mpaka maonyesho ya dunia ya Osaka mwaka 1970. Mbaraka naye alikufa kwa ajali ya barabarani, Kenya, Januari 1979, akiwa na miaka 34. Morogoro imetoa sauti mbili kubwa kwenye dansi letu, na zote mbili zimechukuliwa na barabara. Siwezi kuliandika hilo bila kutua kalamu.

Santuri za Mzuri ziliacha kuchapwa, wenye gramafoni wakaziuza, na kwa miaka mingi aliyetaka kumsikia Salum alitegemea kipindi cha zilipendwa redioni. Waliomrudisha madukani walikuwa watu wa mbali. Katika miaka ya 1980 John Storm Roberts alimweka kwenye mkusanyiko wake wa nyimbo za Tanzania, kisha Werner Graebner, Mjerumani aliyeusoma muziki wa pwani yetu kwa muda mrefu, akatayarisha CD nzima ya Cuban Marimba, ikibeba nyimbo za mwaka 1955 hadi 1965 na jina la wimbo wake, "Ngoma Iko Huku". Nawashukuru kwa moyo wote. Ninachotamani ni kuiona kazi hiyo ikiuzwa Msamvu stendi, ambako mabasi ya Morogoro yanaingia, na siyo katika maduka ya Ulaya peke yake.

Kwenye simu yangu nilikuwa na nyimbo hizo. Nikazitafuta, nikaongeza sauti, nikaiweka simu juu ya mkeka, pembeni ya santuri isiyo na gramafoni. Klave ikaanza. Bibi alikaa kimya. Kisha akaishika ile santuri, akaigeuza, akaifuata mifereji yake kwa ncha ya kidole, polepole, kutoka ukingoni kuelekea katikati, mpaka wimbo ukaisha.

"Irudishe mwanzo," akaniambia. Miguu yake ilikuwa imeshashuka barazani, imekanyaga mchanga.