Mfumo wa simu hupimwa vipi? Funzo la M-Pesa kutoka Mathare

Kwetu Pwani kila uchao twaletewa mfumo mpya wa simu: wa leseni, wa karo, wa michango ya chama. Kabla ya kuukubali, mimi huuliza: umepimwa wapi, na pamoja na nani?

Upimaji una sehemu mbili. Uhakiki huuliza kama programu inafanya kile ilichoagizwa kufanya. Uthibitisho huuliza kama kilichoagizwa ndicho mtumiaji anachohitaji. Mfumo waweza kufaulu la kwanza na ukafeli la pili.

Uhakiki huenda kwa hatua. Kwanza hupimwa kipande kimoja kimoja: ukituma shilingi 500, je, salio lapungua sawasawa pamoja na ada? Kisha vipande huunganishwa: je, hesabu ya mtumaji, ya mpokeaji na ya wakala zalingana? Halafu hupimwa mzigo, yaani watu wengi kutuma kwa wakati mmoja, na hitilafu: mtandao ukikatika katikati, pesa zisitoke kwa mmoja bila kumfikia mwenzake. Na kila programu inapobadilishwa, majaribio ya awali hurudiwa, maana kutengeneza hapa huweza kuharibu pale.

Hayo yote hufanyika ofisini. Uthibitisho hutaka utoke nje, na mfano mzuri uko hapa Eastlands, Nairobi. Oktoba 2005, Vodafone na Safaricom, wakishirikiana na shirika la mikopo la Faulu, walianza kuijaribu M-Pesa Mathare, katikati ya jiji na Thika. Walikuwa na mawakala wanane na wateja wasiozidi 500. Kusudi lilikuwa wanavikundi walipe mikopo yao midogo kwa simu.

Wateja wakaitumia kwa mambo mengine pia. Walitumiana pesa. Wafanyabiashara walilipana. Wengine waliweka fedha kwa wakala kabla ya safari, wakazitoa walikofika, wasitembee na noti mfukoni. Huduma ilipozinduliwa kwa umma Machi 2007, kiini chake hakikuwa tena mikopo, bali kutuma pesa nyumbani.

Hata programu isiyo na kosa lolote isingewaonyesha hilo. Walionyesha ni wakazi, wakiwa na pesa zao halisi, na kwa kuwa walikuwa wachache, kubadilisha njia kulikuwa rahisi.

Basi, ofisi yoyote ikikwambia kuanzia mwezi ujao utalipa kwa mfumo mpya peke yake, iulize mambo matatu. Ulijaribiwa na watu wangapi kama sisi, wenye simu za kawaida na mtandao wa kusuasua? Ni nini kilichobadilishwa baada ya majaribio? Na pesa zikikwama, nani atazirudisha, na kwa muda gani? Mpaka majibu yapatikane, dirisha la malipo ya zamani lisifungwe. Mvuvi au mama muuza mahamri hafai kuwa mpimaji wa kwanza kwa pesa yake ya chakula.