Risiti ya maombi si kibali cha kazi

Watu wa Vanga na Tanga ni ndugu, mpaka ulitukuta tayari tumeoana. Ndiyo maana binamu yangu wa Tanga, fundi cherehani, alipopata kazi Kawangware alinipigia simu mimi kwanza. "Kaka, nimeshalipia kibali, Jumatatu naanza." Nikamwuliza kama kibali kimetoka. Akasema ana risiti. Nikamwambia asiguse cherehani.

Kosa hilo nimeliona Kibera pia, kwa kinyozi kutoka Kongo. Basi nieleze, huenda likamfaa mwingine.

Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya 2011 haimruhusu mgeni kuajiriwa wala kufanya biashara bila idhini. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Risiti huonyesha tu kwamba ombi limepokewa.

Raia wa Afrika Mashariki wana Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010. Mkataba wa kazi ukizidi siku 90, mfanyakazi anaomba kibali ndani ya siku 15 za kazi tangu mkataba ufungwe, na mamlaka inatakiwa ikitoe ndani ya siku 30. Mkataba wa siku 90 au chini huombewa pasi maalumu. Kwa hiyo ukishatia sahihi, usiukalie mkataba nyumbani.

Mwekezaji huomba daraja G, akionyesha mtaji wa angalau dola 100,000 za Marekani. Fedha kuwepo benki hakumpi ruhusa ya kufungua duka kabla ya kibali.

Wengine huniuliza, mbona Marekani mwekezaji hufanya kazi huku akisubiri kadi ya kijani? Ni kweli kwamba tangu Machi 2022, aliyeko huko kihalali anaweza kuomba kadi na kibali cha kazi pamoja, ikiwa nafasi ya visa ipo. Lakini kama hana ruhusa nyingine, naye husubiri kibali kitoke ndipo aanze.

Kenya, aliyeshika vibali vya kazi kwa miaka 7, na kuishi hapa mfululizo miaka 3 ya mwisho, anaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Kesi moja ya uhamiaji yaweza kumharibia safari hiyo.

Binamu yangu amehesabu siku zake 30 kwenye kalenda. Zikipita kimya, ataenda Nyayo House na nakala ya mkataba na risiti yake.