Nyigu Aliyeokoa Kahawa ya Kenya

Bila shaka mmepata kuviona vidudu vyeupe mfano wa unga, ving'ang'aniavyo majani na kunyonya utomvu. Karibu na mwaka 1923 vidudu vya namna hiyo vilizuka katika kahawa ya Kenya, upande wa Thika, vikaleta hasara kubwa.

Wataalamu walijua kuwa yuko nyigu mdogo mno atagaye yai ndani ya kidudu kama hicho, na buu lake humla mwenyeji kwa ndani. Lakini nyigu huyo ni mteuzi. Azaliwaye katika kidudu hiki huenda asistawi katika jamaa yake, ijapokuwa sisi kwa macho hatuoni tofauti. Na vidudu vya Kenya vilidhaniwa ni aina ya Asia! Basi nyigu wakatafutwa huko, hata Ufilipino, walioletwa hawakustawi. Wakulima wakabaki kupaka grisi mashinani kuwazuia chungu, maana chungu huvilinda vidudu hivyo kwa kupenda maji yake matamu. Miaka zaidi ya kumi ilipotea kwa kosa la jina.

Mwaka 1935 R. H. Le Pelley alionyesha kuwa kidudu kile ni aina mbali, na kwao ni Uganda, jirani tu. Nyigu wa Uganda wakaletwa mwaka 1938, wakafugwa kwa wingi, wakaachiliwa mashambani. Kufikia mwaka 1959 ilikadiriwa kuwa wameokoa pauni milioni 10. Gharama haikuzidi pauni 30,000.