Sumu Iliyogeuka Dawa ya Vidole

Ndugu msomaji, wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Basi fuatana nasi katika habari ya sumu iliyoua watu mezani, na ambayo leo wagonjwa hudungwa viganjani ili wapate nafuu.

Mwaka 1862, mjini Paris, tabibu Maurice Raynaud aliandika juu ya watu ambao vidole vyao, vikipatwa na baridi, hufa ganzi na kubadilika rangi, kisha damu ikirudi huuma mno. Mishipa midogo ya damu hujibana kupita kiasi. Wala usidhani kuwa watu wa joto wamesalimika: hofu na wahaka navyo huyaamsha maradhi haya, na yakizidi, vidole hutoka vidonda, hata kuoza.

Ama sumu yenyewe, ilikwisha chunguzwa kabla ya hapo. Huko Ujerumani, daktari na mshairi Justinus Kerner alifuatilia vifo vya watu waliokula soseji zilizoharibika. Mwaka 1822 alieleza kuwa sumu ile huzuia kazi ya mishipa ya fahamu, akakisia kwamba kiasi kidogo sana chaweza kutibu. Mwaka 1895, nchini Ubelgiji, wanamuziki walikula paja la nguruwe mazikoni, na watatu wakafa. Hapo Émile van Ermengem akamgundua mdudu anayetoa sumu hiyo, iitwayo botulini.

Dhana ya Kerner ilingoja hadi mwaka 1980, Alan Scott wa San Francisco alipotangaza kuwa ametibu makengeza kwa sindano ya sumu hiyo. Marekani iliiidhinisha kwa maradhi ya macho mwaka 1989. Baadaye matabibu wa mikono wakaijaribu kando ya mishipa ya vidole, ili kuzuia amri ya kujibana.

Je, imefaulu? Wako waliopata nafuu ya miezi kadhaa. Lakini majaribio ya kulinganisha yametoa majibu yanayotofautiana, na wengine mikono yao hulegea kwa muda. Kwa hiyo matabibu huanza na kujikinga na baridi, kuacha sigara, na vidonge vya kutanua mishipa.

Ewe mwenye maumivu, usikimbilie sindano ya mchuuzi. Baina ya sumu na dawa kuna kipimo tu, na kipimo ni amana: mpe anayeijua.