Manowari Iliyobadili Bendera

Milima ya Iringa na Mbeya haikuona kamwe tanga la manowari ya Ufaransa. Hata hivyo vita vya baharini vya zama za Napoleon viliigusa bara. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alipatana na Sultani wa Kilwa auziwe watumwa 1,000 kila mwaka, nayo misafara iliyoshukia Kilwa ilitoka hata pande za Ziwa Nyasa, kusini mwa Mbeya. Soko la watumwa hao lilikuwa Île de France, ndiyo Morisi ya leo.

Kisiwa hicho kilitegemea marikebu ndogo zenye mbio. Mojawapo ni Revenant, ya mizinga 18, iliyoundwa Saint-Malo mwaka 1807 kwa ajili ya Robert Surcouf. Serikali ya kisiwa ilipoitwaa, ikaitwa Iéna. Mwaka 1808 Waingereza waliiteka, wakaiita Victor. Mwaka 1809 Wafaransa wakaitwaa tena. Agosti 1810 ikawamo katika pigano la Grand Port, Wafaransa wakashinda. Desemba kisiwa kikaanguka, nayo ikatekwa tena.

Basi marikebu ilibadili bendera mara tatu katika miaka miwili na ushei. Watumwa wa kisiwani waliona bendera ikibadilika mara moja tu, wala hawakupata uhuru hadi 1835. Asomaye habari za vita hivyo na aihesabu miaka hiyo pia.