Mbina Ina Pande Mbili, Kamera Ina Jicho Moja
Anayepiga filamu ya mashindano ya ngoma Usukumani, iwe Shinyanga au Geita, lazima aamue kamera ielekee wapi. Tangu karne ya 19 wachezaji wamegawanyika katika vyama viwili, Bagika na Bagalu, vinavyojinasibu na waasisi wao Ngika na Gumha. Katika mbina, yaani ngoma hizo za mashindano, vikundi vya vyama hivyo hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja, na mshindi ni kile kilichovuta watu wengi zaidi. Mtazamaji akimchoka manju (kiongozi wa ngoma) wa huku, anavuka kwenda kwa wa kule, na matokeo yanageuka. Kwa hiyo picha inayoganda kwenye chatu shingoni mwa mchezaji, au majembe yanayorushwa hewani katika ngoma ya bugobogobo, inanasa kivutio na kuliacha shindano lenyewe nje.

Wapo watakaosema filamu yoyote huchagua, na bila hizo picha za chatu nani wa mbali angeijua mbina? Hoja ina uzito. Ila uchaguzi huo huegemea upande uleule kila mara: kiongozi mmoja, chama kimoja, kabila moja. Umati wa Geita si wa Wasukuma peke yao. Dhahabu imevuta watu wa kila namna tangu migodi ya miaka ya 1930, na zaidi tangu mgodi mkubwa ulipoanza kuzalisha mwaka 2000. Nao wanavuka uwanja, wanahukumu. Kuwaonyesha hakuhitaji fedha nyingi. Mpiga picha ageuke tu, awape mgongo wachezaji kwa dakika chache.