Gemu Ziliingia Darasani Kabla ya Kuingia Kwa Simu Yako

Juzi mathe alinipata nikicheza SimCity usiku wa manane, akauliza swali ambalo kila mzazi Kenya hii ameshawahi kuuliza: "Na hiyo itakuletea nini?" Nikamwambia nasoma. Alicheka mpaka akarudi kulala. Hili basi ni jibu refu, manake lile fupi halikushika.

Wengi wetu tunadhani gemu zilianza kama starehe tu, halafu baadaye watu wajanja wakazibandika jina la elimu ili wazazi watulie. Lakini ukifuatilia hizi za kuiga maisha, zile unaendesha mji, shamba au safari, utapata mwalimu alikuwa hapo mapema sana, kabla hata Pong haijatoka mwaka wa 1972.

Mwaka wa 1964, jimbo la New York, mwalimu wa shule ya msingi kwa jina Mabel Addis alitunga gemu iliyoitwa The Sumerian Game. William McKay wa IBM ndiye aliyeandika programu. Mwanafunzi anakuwa mtawala wa Lagash, mji wa kale ulioko kusini mwa Iraki ya leo. Sahau skrini na rangi. Unaketi mbele ya mashine ya kupiga chapa iliyounganishwa na kompyuta kubwa iliyo mbali, nayo inakuchapia ripoti: una nafaka kiasi hiki, watu wako ni wangapi. Unaamua wale ngapi, upande ngapi, uweke ghalani ngapi. Ukiwalisha washibe na kusahau mbegu, msimu ujao ni kilio. Mtoto wa miaka kumi na moja anaelewa mara moja kwa nini serikali hupigana juu ya ghala la mahindi, na hajasoma hata aya moja ya uchumi.

Wazo hilo lilinakiliwa na wengine, likafupishwa, likasambaa kwa jina la Hamurabi kupitia kitabu cha gemu cha David Ahl cha mwaka wa 1973. Watu kibao waliijua Hamurabi. Jina la Addis lilipotea kwa miaka mingi. Si mnajua vile hizi maneno huenda.

Sasa twende Minneapolis, 1971. Don Rawitsch ni mwanafunzi wa ualimu, yuko mazoezini, anafundisha historia ya Wamarekani waliohamia magharibi kwa mikokoteni ya ng'ombe. Alitaka kutumia ubao wa mchezo na kadi. Marafiki zake wawili aliokaa nao, Bill Heinemann na Paul Dillenberger, walikuwa walimu wanafunzi wa hesabu waliojua kompyuta, wakamwambia hiyo tunaweza kuiandika. Wiki kama mbili hivi, The Oregon Trail ikawa tayari. Ni mwaka wa 1847, mko familia ya watu watano, mlikuwa na dola 900 na 200 zimeshaenda kwa mkokoteni. Mbele yenu kuna zaidi ya kilomita 3,200. Mnunue chakula? Risasi? Nguo za baridi? Ukikosea, mtu anakufa njiani kwa ugonjwa ambao leo unatibiwa kwenye zahanati.

Kitu napenda hapa ni kwamba mashine ilikuwa moja na wanafunzi ni wengi. Kuwinda kulihitaji kuandika neno BANG haraka bila makosa, kwa hivyo mwenye vidole vyepesi alipewa bunduki. Mwingine akashika ramani, mwingine akashika hesabu ya pesa. Walibishana. Mimi naona somo lilikuwa kwenye huo ubishi, kuliko kwenye karatasi iliyokuwa ikitoka kwa mashine. Mpe kila mtoto simu yake na earphones zake, gemu ni ile ile, lakini nusu ya darasa imepotea.

Baadaye Rawitsch aliajiriwa na shirika la kompyuta za shule la Minnesota, MECC. Mwaka wa 1974 akaichapa upya kutoka kwa karatasi aliyoihifadhi, kisha akasoma shajara za wasafiri wenyewe ili hali ya hewa na magonjwa yatokee kwa kiwango kilicho karibu na ukweli. Huo ni utafiti wa historia, wasee. Lakini angalia shajara zilikuwa za nani. Ni za waliokuwa ndani ya mkokoteni. Wenyeji ambao ardhi yao ilikuwa inapitwa na kuchukuliwa walibaki watu wa kutokea tu njiani. Watoto wa Marekani walikua wakijua bei ya risasi na hawajui hiyo nchi ilikuwa ya nani.

Na hapo ndipo mathe ana pointi, hata kama hakuisema hivyo.

SimCity ilitoka 1989. Will Wright alikuwa ametengeneza gemu ya helikopta ya kulipua visiwa, akagundua anafurahia zaidi kujenga ramani kuliko kulipua. Akaanza kusoma kuhusu miji, na moja ya vitabu vilivyomwongoza ni Urban Dynamics cha Jay Forrester, cha 1969. Forrester alikuwa mhandisi. Alijenga mji ndani ya kompyuta, na mji wake ukasema serikali ikijengea maskini nyumba za bei nafuu, mambo yanaharibika zaidi. Wakosoaji walimjia juu: jibu limetoka kwa masharti uliyoyaweka mwenyewe! Ukiongeza ushuru kwa SimCity watu wanahama, na wewe unaamini umegundua sheria ya dunia, kumbe umegundua uamuzi wa mtu fulani California.

Nilimwonyesha mathe mji wangu asubuhi. Akatazama sana. "Mama mboga anakaa wapi?" Nikatafuta. Kuna eneo la makazi, la biashara, la viwanda. Stage ya matatu hakuna. Kibanda hakuna.

Mimi bado nasema ichezwe shuleni, lakini mwalimu awepo na aulize maswali kama ya mathe. Msimbo wa SimCity ya kwanza ulifunguliwa mwaka wa 2008 kwa jina la Micropolis, kwa hivyo mwanafunzi anaweza hata kuchungulia hizo sheria na kuzibadilisha.

Na kuna njia nyingine, imeshajaribiwa hapa hapa Nairobi. Mwaka wa 2012 UN-Habitat, ambao makao yao yako Gigiri, walianza kushirikiana na Mojang, kampuni ya Minecraft, na moja ya maeneo ya kwanza kujaribiwa ilikuwa uwanja wa michezo Kibera. Wakaaji walipewa kompyuta zenye uwanja wao ndani yake, wakaambiwa wajenge wanavyotaka uwe.